Chumba cha Nne cha Ndege ya Papa

Papa, baba yetu, alipofariki tuligawana vitu vyake kwa amani, jambo lililowasikitisha majirani waliokuja kutazama ugomvi. Mdogo wangu Amisi alichukua baiskeli. Dada zangu walichukua sufuria na viti. Mimi, niliyesoma kuliko wote na mwenye vyeti vingi na visigino vilivyopasuka, nilipewa kopo la biskuti lililofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. “Weye unapendaka vitu vya zamani,” Amisi aliniambia, kwa ile sauti ya upole tunayoitumia kwa wagonjwa.

Nililifungua jikoni kwangu, na kabla sijaona kilichomo, harufu ilitoka na kunikalisha chini. Mafuta ya kondoo. Siku hizi huuzwa kwenye maduka ya dawa, ndani ya vichupa vya rangi ya waridi, kwa ajili ya wanawake wenye visigino kama vyangu. Lakini mafuta ya Papa hayakuwa na rangi ya waridi. Yalikuwa ya manjano, mazito, yenye harufu ya zizi lililonyeshewa mvua, naye aliyapaka kwenye ndege.

Wakati huo, pale Kalundu, kusini kidogo mwa mji wa Uvira, palikuwa na ndege moja ya majini. Ilikuwa ya watu wa misheni fulani, nayo ilibeba dawa, wagonjwa, barua na, mara moja tu, mbuzi wa mahari ambaye hakuipenda safari. Pahali pa magurudumu ilikuwa na mitumbwi miwili mirefu ya bati, iliyozibwa juu, ambayo sisi tuliiita flotere. Papa alikuwa fundi wa kuziba mitumbwi ya wavuvi. Siku moja rubani, mzungu mrefu ambaye mji mzima ulimwita Piloti, alimkuta amelaza sikio kwenye ubavu wa mtumbwi wa mtu, anagonga na kusikiliza. Akamwajiri papo hapo.

Piloti alikuwa amejifunza Kiswahili ndani ya kitabu. Kila sentensi yake ilianza na “tafadhali”, hata alipowafukuza bata. Papa hakumcheka. Alisema mtu anayeweza kuinua bati lile kutoka majini anaruhusiwa kusema anavyotaka.

Kila ndege iliporudi, Papa aliiosha yote kwa ndoo za maji ya mto Mulongwe. Nilimuuliza kwa nini tunaosha kitu ambacho kimekaa ndani ya maji tangu asubuhi. Alisema ziwa letu lina chumvi ambayo ulimi hauisikii, lakini chuma kinaisikia. Nilipoonyesha shaka, tabia niliyokuja kulipwa mshahara kwayo baadaye, alichukua misumari miwili. Mmoja akaupaka mafuta ya kondoo, mwingine akauacha, akaitumbukiza yote katika kikombe cha maji ya ziwa na kukiweka dirishani. Wiki haikuisha. Msumari usiopakwa mafuta ulikuwa umeota manyoya mekundu, na maji yamekuwa ya rangi ya chai. “Chuma haifichake,” Papa alisema. “Ikilala mu maji, itasema.”

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa asubuhi. Kila flotere imegawanywa ndani kwa kuta za bati kuwa vyumba sita, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea. Kila chumba kina tundu dogo juu, na kila tundu limezibwa kwa mpira mweusi, mdogo kama limau. Papa aling’oa mpira, akaingiza pompi ya mkono, akavuta huku akihesabu kwa sauti. Chumba kikavu hakikutoa maji. Kilitoa pumzi tu, mkoromo mfupi wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Kisha alirudisha mpira, akaugonga kwa ngumi mara moja, akaenda kwenye chumba kilichofuata.

Wanawake waliongojea ndagala, dagaa wa kwetu, ufukweni waliisikia hesabu hiyo kila siku, na Mama Furaha, muuza samaki mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye ndege aliiita avio, hakuiacha ipite bure.

“Papa Josefu! Leo avio imekunywa ngapi?”

“Mbili tu, mama.”

“Aa, hiyo njo bwana ya kuoa! Yangu anaanzaka na kumi!”

Kisha ziwa likamchukua Tonton Amisi. Alikuwa mjomba wangu, mdogo wa mama yangu, mvuvi wa usiku, kijana aliyenifundisha kupiga mluzi ingawa wasichana walikatazwa. Walitoka watatu na taa zao, wakarudi wawili wameshikilia ubao. Asubuhi hiyo Piloti aliirusha ndege kumtafuta, na Papa akapanda naye. Walitua hapa na pale kwenye maji ya mbali, mpaka kando ya Makobola. Walirudi mchana. Nilikuwa nimesimama gatini, miguu peku, na nilimsikia Papa akimwambia Mama: “Hatukumupata. Tumerudi na maji tu.”

Ilikuwa kweli, maana katika kutua kwao kitu fulani kilikwaruza tumbo la flotere ya kushoto. Kuanzia siku hiyo chumba cha nne, kilichokuwa kikavu miaka yote, kilianza kunywa. Mivuto minne. Kesho yake saba. Kesho kutwa kumi na moja. Mama Furaha hakutania tena.

Msiba wetu haukuwa na maiti. Watu walikaa siku zao na kuondoka, na bibi yangu aliendelea kutenga sahani ya bugali kwa ajili ya mwanawe kila jioni. Nilipouliza Tonton yuko wapi hasa, shangazi alinijibu kama wakubwa wanavyojibu, bila kufikiri nani anasikiliza: “Ziwa itamurudisha. Ngojea tu.”

Niliyapanga mambo hayo kwa akili ambayo, lazima nikiri, haikuwa mbaya kuliko ile niliyoandikia tasnifu yangu. Ziwa litamrudisha. Ndege ilikwenda kumleta. Ilipotoka, chumba cha nne kilikuwa kikavu. Iliporudi, mlikuwa na kitu. Papa mwenyewe alibadilika mbele ya chumba hicho. Vingine aliendelea kuvigonga mara moja. Hicho alikigonga mara tatu, taratibu, kama wavuvi wa ufukwe wetu wanavyogonga mtumbwi kabla ya kuusukuma, ili waliolala chini ya ziwa wapishe njia. Kisha alilaza sikio lake kwenye bati na kukaa hivyo kwa muda.

Basi, mchana mmoja ziwa likiwa limetulia kama mafuta, bila wimbi hata la kulamba mchanga, nami nilisikia. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa gati, karibu na flotere. Ngo. Ngo. Ngo. Si kwa nguvu. Ilikuwa kama mtu asiyetaka kuwasumbua wenye nyumba.

Sikukimbia. Ningependa kuandika kwamba niliogopa, maana ingenipa heshima kidogo mbele ya wasomaji, lakini kilichonipata kilikuwa aibu. Tonton yumo mle ndani, amekunjamana gizani, na kila asubuhi baba yangu anamvuta maji, kisha anamzibia tundu kwa mpira na kuupiga ngumi. Anapumua nini?

Wiki hiyo nyumba yetu ilikuwa na hofu nyingine. Mama alikuwa na mimba iliyoiva, na daktari alisema mtoto amelala vibaya, kwa upana, kama mlevi kitandani. Daktari wa kupasua alikuwa kusini, mbali, na mvua ilikuwa imeng’oa daraja kwenye njia ya Fizi. Piloti alimwambia Papa: “Tafadhali, Jumatatu nitampeleka mke wako mimi.” Kuanzia hapo Mama alitembea ndani ya nyumba huku ameushika ukuta, akihesabu siku. Kila mmoja wetu alijua kwamba maisha yake, na ya huyo aliyelala kwa upana, yanangojea ndege ile ipae Jumatatu. Hata mimi nilijua. Ndiyo maana nilichofanya Jumapili sijaweza kukigeuza kichekesho, ingawa nimejaribu mbele ya hadhira nyingi.

Baada ya misa, watu wakiwa kwenye chakula, nilirudi gatini na gauni langu la kanisani. Mlinzi alikuwa amenipa kisogo, anakula muhogo. Nilipanda juu ya flotere ya kushoto, bati likiwa la moto chini ya nyayo, nikang’oa mpira wa chumba cha nne. Tundu lilipumua. Nakumbuka harufu yake: chuma, matope, na kitu cha utamu kidogo, kama maji ya maua yaliyosahauliwa. Niliweka mdomo pale na kuita polepole: “Tonton.” Sauti yangu ikanirudia ikiwa nzito kuliko ilivyoingia.

Kisha nilifikiri kwamba vyumba vimepakana, na mtu mzima hawezi kuenea katika kimoja. Nikang’oa mipira yote sita ya upande ule. Nikaitia katika mfuko wa gauni, nikarudi nyumbani kula sombe, nikiwa na raha ya mtu aliyemfungulia mgeni dirisha.

Upepo wa kusini ulifika kabla sijanawa mikono. Kwetu haubishi hodi. Ziwa liligeuka rangi ya risasi, mawimbi yakaanza kupanda juu ya gati, na haukupita muda mrefu ndipo tuliposikia tarumbeta ya Mama Furaha: “Papa Josefu! Avio inalala! Avio inalala!”

Tulipofika, ndege ilikuwa imeinamia kushoto, bawa limekaribia kugusa maji, kama ng’ombe aliyepiga goti. Kila wimbi lilipita juu ya flotere na kumwaga ndani ya yale matundu sita yaliyo wazi. Wavuvi saba walikuwa wamerukia flotere ya kulia na kukaa juu yake kwa mstari ili kuipa uzito, nguo zao za Jumapili zikiwa zimeloa, mmoja akiwa bado na mfupa wa kuku mkononi. Piloti alining’inia kwenye kamba ya bawa la kulia na kusahau tafadhali yake yote. Papa alikuwa amepiga magoti majini, pompi mkononi, akivuta bila kuhesabu. Hilo ndilo lililonitisha. Sikuwahi kumwona akivuta bila kuhesabu.

“Mipira iko wapi?” alipiga kelele. “Nani amekamata mipira?”

Alivua shati, akalipasua, akaanza kusokomeza vitambaa kwenye matundu. Mawimbi yaliving’oa. Alipofika kwenye chumba cha nne na kulisokomeza tundu kwa nguvu, kwa kidole gumba, sikuweza kuvumilia. Nilishuka gatini, maji yakanifika kifuani, nikamshika mkono.

“Toka hapa! Rudi kwa mama yako!”

“Papa, usifunge. Tonton atakosa pumzi.”

Aliacha kuvuta. “Tonton gani?”

“Tonton Amisi. Iko mu shambre ya ine. Anagongaka. Weye unamusikiaka, minye nakuonaka.”

Kisha wimbi likajivuta, naye akaona mfuko wa gauni langu, ulivyovimba na kuning’inia. Nilijua kwamba ameuona. Nilifunga macho na kungoja kofi, maana kofi lilikuwa haki yangu. Mama alikuwa amesimama juu ya mchanga, mikono yote miwili chini ya tumbo, akiitazama njia yake pekee ikizama.

Kofi halikuja. Nilisikia ngo, ngo, ngo. Papa alikuwa amegonga chumba cha nne kwa vifundo vya vidole. Akalala kifudifudi juu ya bati, wimbi likampita mgongoni, akaweka sikio. Sijui alikaa pale kwa muda gani. Alipoinua uso, ulikuwa umebadilika rangi, na hakunitazama mimi, alitazama ziwa.

“Anasema ufunge,” alisema.

“Anasema aje?”

“Anasema: ambia mutoto afunge, maji inanifika mu shingo.”

“Na pumzi?”

“Pumzi, anasema, iko ya kutosha.”

Nilimpa mipira. Mmoja mmoja aliirudisha na kuigonga ngumi, isipokuwa wa chumba cha nne, ambao aliusukuma taratibu kwa kiganja. Kisha akaanza upya, chumba baada ya chumba, na sasa alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Wavuvi wakamfuata kuhesabu, ufukwe mzima ukahesabu, na nilipoisikia ile hesabu nilijua kwamba ndege haitazama. Chumba cha nne peke yake kilitoa mivuto mia na arobaini.

Upepo ulipolala waliivuta ndege mpaka kwenye mchanga. Piloti alikuja, mikono yake imechunwa na kamba.

“Tafadhali, Josefu. Nani aliitoa mipira?”

“Ni minye, Piloti. Nilisahau kuirudisha asubuhi.”

“Umesahau sita?”

“Sita yote.”

Piloti alimtazama Papa, akanitazama mimi na gauni langu, akatazama tena mawimbi. “Tafadhali,” alisema, “usisahau tena.” Lakini aliwaandikia barua wakubwa wa misheni, ilikuwa lazima aandike, na kwa miezi kadhaa fundi kutoka Bujumbura alisimama nyuma ya baba yangu kila asubuhi na kurudia hesabu yake, kama mwalimu anayemchunga mtoto mzito. Mama Furaha aliuliza mara moja tu kwa nini siku hizi wanahesabu wawili. Alipouona uso wa Papa, hakurudia.

Kabla hatujaondoka mchangani siku ile, Papa aliniita. Alifungua kifuniko kipana cha chumba cha nne, kile cha fundi kukagulia, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa huku ameniangalia. Akautoa ukiwa unachuruzika maji, na kwa ule mwingine akakishika kiganja changu, akakiwekea kitu. Ilikuwa spana ndogo nyeusi, kle ya kumi na mbili.

“Ona. Huyu njo alikuwa anagonga. Ilinianguka mule ndani. Ndege ikicheza, nayo inacheza. Umesikia?”

Nilisikia. Niliikunja mkononi. Ilikuwa ya joto kidogo na yenye utelezi, kama yai lililotolewa chini ya kuku. Nililia kwa mara ya kwanza tangu msiba, maana nilielewa kwamba Tonton hayumo, wala hatarudi kwa njia yoyote. Papa aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaichukua spana yake.

Piloti hakuruka Jumatatu; alitaka kwanza kila chumba kikauke na kupakwa mafuta. Siku ile moja ya ziada Mama aliipitisha akiwa amelala chini, meno kwenye kitenge, na mimi nilikaa mlangoni bila mtu yeyote kunilaumu, jambo lililokuwa zito kuliko lawama. Jumanne ndege ilipaa naye. Wiki mbili baadaye ilimrudisha akiwa na mtoto wa kiume, na jina lake lilijulikana kabla halijatamkwa.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi. Nimewasimulia wanafunzi wangu kama mfano wa jinsi mtoto anavyojenga imani kutokana na vipande vya sentensi za wakubwa, na jinsi ushahidi mdogo wa chuma unavyoweza kuibomoa. Huwa naimaliza kwa spana, na huwa wanacheka pahali panapofaa. Niliisimulia pia kwenye harusi ya Amisi, Papa akiwa mezani. Ukumbi mzima ulicheka. Papa naye alicheka, lakini alichelewa.

Sasa spana ile, iliyotoka katika kopo la biskuti, iko mezani kwangu, kati ya mipira sita iliyokauka na kupasuka. Nilidhani nitaitambua kwa kutu. Chumba cha nne kilikuwa kimekunywa maji ya ziwa kwa wiki kadhaa kabla ya siku ile, na mafuta hayatoshi kumficha chuma anayejigonga kwenye bati mchana na usiku. Nimeiweka chini ya taa. Nimevaa miwani, nikaivua, nikaisafisha, nikaivaa tena. Meno yake ni mazima, ubavu wake ni laini, alama ya fundi aliyeitengeneza inasomeka herufi kwa herufi. Hakuna doa. Chuma hiki hakijalala majini hata usiku mmoja, wala si hiki kilichokuwa kinagonga.

Nimekaa nayo mpaka chai yangu imepoa. Ilitoka wapi sijiulizi tena, maana mkono wangu ulikuwa unajua siku zote, kabla sijapewa vyeti vya kuusahaulisha. Ilikuwa ya joto. Ilikuwa na joto la mfuko wa suruali ya Papa.

Nikaigonga juu ya meza, mara tatu, taratibu. Kisha, mtu mzima mimi, mwalimu wa watu, nikalaza sikio.